Gidoni ya pikipiki: uifunge mwenyewe ao ulipe fundi?



Kuna neno linalosikika sana kwenye mlango wa kazi, saa watu wa posti ya asubuhi wanapotoka na wale wa mchana wanapoingia. "Garaji inaniomba pesa nyingi kwa kufunga gidoni. Nilipe kwa nini? Ni buloni nne tu." Wengine wanaitikia kwa kichwa. Wengine wanacheka na kusema: "Sisi tunatengeneza mashini kubwa za kampani, tushindwe na pikipiki?"

Neno hilo linatoka mfukoni, na mfuko wa mtumikaji tunaujua wote. Kuna unga, kuna minervali ya watoto, kuna dawa, kuna ndugu wa mbali anayengoja kitu mwisho wa mwezi. Mtu akitafuta namna ya kuokoa franga zake, hatuwezi kumwita mpumbavu.

Lakini ukurasa huu ni wa usalama na afya. Kwa hiyo tutalipima neno hilo kwa mizani miwili: mizani ya pesa na mizani ya mwili. Na tunasema maoni yetu tangu mwanzo, ili usipoteze wakati kuyatafuta. Kufunga gidoni mwenyewe si kosa. Kulipa fundi si kupoteza pesa. Kosa ni kupanda pikipiki ambayo gidoni yake haikukaguliwa na mtu anayejua, iwe uliifunga wewe, ao garaji, ao kijana wa chini ya mti.

Gidoni inashika nini?

Wazee wetu wa wakati wa Union Minière walikuwa wakienda kazini kwa miguu na kwa kinga. Gidoni ya kinga inashikwa na buloni moja ao mbili, na ikilegea unasimama, unakaza, unaendelea. Wengi kati yetu tumejifunza utengenezaji kwenye kinga tulipokuwa watoto. Ndiyo sababu tunapoona gidoni ya pikipiki tunafikiri ni ndugu yake.

Tazama vizuri. Mkono wa kuume wa gidoni unashika gazi na freni ya mbele. Mkono wa kushoto unashika ambreyaje. Kando yake kuna honi, taa, na vitaa vya kuonyesha unageuka upande gani. Ndani ya kabli nyembamba zinazoshuka pale kuna nguvu yote ya kusimama na ya kukimbia. Kwa hiyo anayebadili gidoni anagusa pamoja vitu vitatu: njia ya kuongoza, njia ya kusimama, na njia ya kuongeza mwendo. Akikosea kimoja, viwili vingine havitamwokoa.

Fikiri sasa juu ya mwendo. Ukienda kilometri 60 kwa saa, kila sekunde moja unapita karibu metri 17. Sekunde moja ni muda wa kusema "Mungu wangu". Kama gidoni inazunguka ndani ya vishikizo vyake saa ile unapokamata freni kwa nguvu, mwili wako unaenda mbele, mikono inashuka, na hakuna tena wa kuongoza. Na barabara yetu kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi si barabara ya kuangukia. Malori ya madini yako nyuma yako na mbele yako, mchana na usiku.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2021 watu karibu milioni 1 na elfu 190 walikufa kwa ajali za barabarani katika dunia nzima. Si wote waliokuwa juu ya pikipiki. Lakini mtu wa pikipiki hana mlango, hana mkanda, hana bati la kumzunguka. Bati lake ni kaski. Zaidi ya kaski, anabaki na uzima wa chombo chake.

Mizani ya pesa

Tuhesabu bila hasira. Garaji ya muuzaji inapokuomba malipo ya kufunga gidoni, inauza vitu vinne. Cha kwanza ni saa ya fundi. Gidoni nyepesi, isiyo na mafuta ya freni, inaweza kumchukua fundi anayejua karibu saa moja. Ikiwa nyaya zinapita ndani, ao kabli lazima zibadilishwe, ni zaidi. Cha pili ni vyombo vyake. Cha tatu ni ujuzi: amekwisha kufunga gidoni nyingi za aina ile. Cha nne, ambacho wengi wanakisahau, ni jukumu. Ukirudi kesho na kusema gidoni inacheza, anapaswa kuangalia tena, mradi una karatasi ya malipo. Kwa hiyo ukilipa, omba karatasi. Ulipaji usio na karatasi umekupa vitu vitatu tu kati ya vinne.

Tuseme malipo hayo ni sawa na mshahara wako wa siku mbili. Ni mfano tu; kila garaji ina bei yake. Sasa hesabu upande wa pili. Ukifanya mwenyewe, unahitaji funguo zinazoingia sawasawa, gundi ya mipira ya mikono, grisi, na ufunguo wa dinamometri, ule unaolia "tak" nguvu ikitosha. Kama gidoni mpya ni ndefu ao inasimama juu zaidi, unahitaji pia kabli mpya ndefu. Mtu anayenunua vyombo hivyo kwa kazi moja tu pengine atatoa pesa kupita yale malipo aliyoyakataa. Lakini watu watano wa mtaa mmoja wakichanga, hesabu inageuka. Ufunguo mmoja wa dinamometri unatumika miaka, kwa pikipiki zote tano, kwa gidoni, kwa gurudumu, kwa moto.

Kwa hiyo, mizani ya pesa peke yake haitoi jibu. Inaweza kulala upande huu ao upande ule. Anayekuambia "kufanya mwenyewe ni rahisi siku zote" hakuhesabu vyombo. Anayekuambia "garaji ni wezi" hakuhesabu jukumu.

Kuna faida nyingine ya kufanya mwenyewe, na haiandikwi kwenye karatasi. Mtu aliyefunga gidoni yake anaijua. Siku inapoanza kutoa sauti ngeni, anasikia mapema. Katika shimo, tunajifunza kugonga mwamba kwa chuma na kusikiliza sauti yake kabla ya kupita chini yake. Masikio hayo hayo ni mali barabarani.

Mizani ya mwili

Ndugu fundi wa kampani, tunajua mikono yako inaweza. Kazi inayoweza kusimamisha na kuanzisha tena mashini ya tani nyingi haitashindwa na buloni nne. Lakini jiulize: kule kazini, ni mikono tu inayokulinda? Hapana. Kabla ya kugusa mashini, unakata umeme, unatia kufuli, unaweka kibao cha onyo. Una kitabu cha mashini. Una vyombo vilivyopimwa. Na ukimaliza, kapita ao mwenzako anakuja kuangalia kabla ya kufungua. Hakuna anayesema anakudharau. Ni sheria, na sheria hiyo imeokoa vidole vingi.

Sasa tazama kazi ile ile nyumbani. Ni saa moja ya usiku. Umetoka posti, umechoka. Mtoto anashika tochi. Kitabu cha pikipiki kimepotea. Ufunguo namba 12 umekwisha kulika, unakaza kwa koleo. Na kesho saa kumi na moja ya alfajiri lazima uende kazini. Mikono ni ile ile, lakini sheria zimebaki kwenye mlango wa kampani. Hapo ndipo hatari ilipo.

Maoni yetu ni haya: kama unataka kufanya kazi ya fundi nyumbani, chukua pia sheria za fundi nyumbani. Mchana, si usiku. Siku ya mapumziko, si usiku wa kuamkia kazi. Kitabu mbele yako. Batri imekatwa upande wa hasi kabla ya kugusa nyaya. Na jicho la pili mwishoni.

Gidoni ipi kwa mwili upi?

Kabla ya kufunga, kuna kuchagua. Watu wanabadili gidoni kwa sababu tatu: imepindika baada ya kuanguka, inaumiza mgongo ao mikono, ao inapendeza macho. Sababu mbili za kwanza ni nzuri. Ya tatu ni ya hatari ikienda peke yake.

Gidoni iliyopindika usiinyooshe. Chuma kilichopindika kisha kikanyooshwa kimechoka mahali pale pale. Hakionyeshi uchovu wake, kisha siku moja kinapasuka. Aluminyumu ni mbaya zaidi. Na usiiunge kwa moto. Ninyi mnaofanya kazi ya kuunga mnajua: kando ya mshono, moto umebadili chuma, na pale ndipo kinapokatika. Gidoni mpya inagharimu kidogo kuliko mkono wa kufungwa plasta.

Kuhusu afya, sikiliza wewe unayeshika mashini ya kutoboa mwamba. Mtetemo wa miaka mingi unaweza kuharibu mishipa ya damu na ya fahamu katika mikono. Vidole vinakuwa vyeupe na kufa ganzi, hasa asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba. Pikipiki nayo inatetema. Ukiwa na gidoni iliyo chini sana, uzito wa mwili unalala juu ya mikono, na mkono unabaki umekunjika njia nzima. Ikiwa vidole vinakufa ganzi, usinyamaze. Mwambie daktari wa kazi. Gidoni nzuri ni ile inayokuacha uketi mgongo ukiwa umenyooka, viwiko vimekunjwa kidogo, na mkono ukiwa sawa na sehemu yake ya chini. Lakini gidoni iliyo juu mno nayo inachosha mabega na inafanya gurudumu la mbele kuwa jepesi, hasa ukibeba gunia la makala ao watu wawili nyuma.

Pima pia unene. Pikipiki nyingi zina bomba la milimetri 22 mahali pa mikono na mahali pa vishikizo. Nyingine zina bomba nene zaidi katikati, milimetri 28 na kitu. Bomba moja haliingii mahali pa jingine. Usitie karatasi ya bati ao kipande cha mpira kujaza nafasi. Kinachojazwa hivyo kitatoka.

Mahali ambapo hatari inajificha

Hatutaandika hapa kitabu chote cha fundi. Kila pikipiki ina kitabu chake, iwe TVS, Boxer ao nyingine, na kitabu hicho ndicho mkubwa wa kazi hii. Tutaonyesha tu mahali ambapo watu wanakosea.

Moja: kabla ya kufungua, piga picha kwa simu ama chora kwenye karatasi njia ambayo kila kabli inapita. Kabli iliyopita upande usio wake itabanwa siku unapogeuka.

Mbili: vishikizo na bomba lazima viwe vikavu na safi. Grisi ni nzuri ndani ya mkono wa gazi, lakini ndani ya vishikizo ni adui. Gidoni nyingi zina alama ndogo ya nukta. Inawekwa sawa na mstari ambapo nusu mbili za kishikizo zinakutana. Ukiipuuza, gidoni itakuwa juu ao chini kuliko ilivyopangwa.

Tatu: kaza kwa kipimo. Buloni ya milimetri 8 mara nyingi inaomba nyutoni-metri 20 mpaka 25. Ile ya milimetri 6, karibu 10. Kitabu chako ndicho kinachoamua. Ili mkono uelewe: nyutoni-metri 25 ni kama kuning'iniza kilo 10 kwenye ufunguo, sentimetri 25 kutoka buloni. Wanaume wengi wenye nguvu wanapita hapo bila kujua. Buloni ikipita kipimo inanyooka, ao inakula nyuzi za aluminyumu. Inaonekana imekaza sana, kumbe imekwisha kufa. Tena vishikizo vingine vinakazwa kwanza mbele mpaka mwisho, kisha nyuma. Vingine vinakazwa sawa pande zote. Fuata alama na kitabu.

Nne: visanduku vya vifungo vya umeme mara nyingi vina kijino kidogo kinachoingia katika tundu la bomba. Kama gidoni mpya haina tundu, wengine wanakata kijino kile. Ndipo kisanduku kinazunguka, na gazi pamoja nacho. Tundu litobolewe mahali pake, lenye kipimo chake, na mtu anayejua kutoboa.

Tano: mpira wa mkono wa kushoto unashikwa kwa gundi. Uache ukauke muda ulioandikwa kwenye tyubu. Mpira unaochomoka mkononi, katika shimo la barabara, ni kama ngazi inayoanguka ukiwa juu. Na ncha za bomba zisiachwe wazi. Ukianguka, bomba wazi linaingia mwilini kama kisu.

Sita: kama freni ya mbele ni ya ngoma na kabli, kazi ni ya kabli. Kama ni ya diski na mafuta, weka chupa yake ya mafuta wima muda wote, wala usiifungue bila sababu. Hewa ikiingia, mkono wa freni unakuwa laini kama sponji. Na mafuta yale yanakula rangi ya pikipiki. Yakimwagika, osha kwa maji mara moja.

Jaribio la dakika kumi

Sasa tumefika mahali tunapoomba kila mtu afanye, hata kama alilipa garaji kubwa ya mjini. Ukifanya hivi kabla ya kuondoka, umefanya nusu ya kazi ya usalama.

Pikipiki ikiwa imesimama juu ya miguu yake, geuza gidoni mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kuume. Je, kabli ama bomba la mafuta inavutika? Je, vidole vyako vinabanwa kati ya gidoni na tangi? Je, honi inalia peke yake, ao taa inazimika? Kimoja kikiwa ndiyo, usipande.

Vuta gazi mpaka mwisho, kisha uache. Lazima irudi yenyewe, mara moja, gidoni ikiwa katikati, kushoto na kuume. Gazi inayorudi polepole ni gazi inayokufa.

Washa moto, ukiwa nje, si ndani ya nyumba. Moshi wake unaua bila harufu kali. Acha moto uzunguke polepole. Geuza gidoni pande zote. Sauti ya moto ikipanda unapogeuza, kabli ya gazi inavutwa. Siku moja utageuka kwenye kona na pikipiki itakimbia bila wewe kuitaka.

Shika freni ya mbele kwa nguvu na usukume pikipiki mbele na nyuma. Gidoni isisogee ndani ya vishikizo hata kidogo. Ukisikia "kok, kok" chini, pengine ni shingo ya pikipiki. Hiyo si kazi ya gidoni, peleka kwa fundi.

Mwisho, enda polepole katika uwanja usio na watu. Kamata freni mara kadhaa. Rudi, kagua buloni tena kwa ufunguo. Na baada ya siku chache za njia mbaya, kagua mara nyingine.

Lini lazima ulipe?

Kuna saa ambapo hatusemi "kama unaweza". Tunasema: lipa. Lipa ikiwa pikipiki ni mpya na bado iko chini ya dhamana ya muuzaji, maana mkono wako unaweza kuifuta dhamana hiyo. Lipa ikiwa lazima kufungua mafuta ya freni na hujawahi kutoa hewa. Lipa ikiwa nyuzi za buloni zimekwisha kulika, ao shingo inacheza, ao pikipiki iligongwa na huna hakika ya mwili wake. Lipa ikiwa huna kitabu, huna ufunguo wa kipimo, na huna jicho la pili. Lipa hasa ikiwa unawabeba watu. Mtu wa taksi-moto anayefunga gidoni bila hakika hakopi maisha yake mwenyewe tu. Anakopa ya mteja ambaye hakuulizwa.

Na kijana wa chini ya mti? Wengi kati yetu tunamlipa yeye, si garaji wala sisi wenyewe. Hatumdharau. Wako mafundi wa barabarani wanaoshinda wenye bati na jina kubwa. Lakini mtazame anavyofanya kazi. Anasafisha vishikizo ao anakaza juu ya vumbi? Anatumia funguo ao koleo na nyundo? Anarudisha buloni zile zile zilizopotea kichwa? Anakubali kwa furaha ukifanya jaribio la dakika kumi mbele yake? Fundi mzuri anapenda kazi yake itazamwe. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

Neno kwa familia

Mama, wewe unayepanda nyuma na mtoto katikati, una haki ya kuuliza: "Baba, gidoni imekaguliwa?" Usiogope kwamba utaambiwa mwanamke hajui mashini. Hakuna elimu kubwa katika kushika gidoni na kuitikisa. Nanyi watoto mnaosoma, mkiona baba ametengeneza usiku akiwa amechoka, mwombeni akague tena asubuhi kwenye mwanga. Heshima kwa mzazi ni pamoja na kutaka arudi.

Wazo moja kwa kampani na kwa wajumbe

Kwa kuwa huu ni ukurasa wa maoni, tunatoa wazo. Watu wengi wanakuja kazini kwa pikipiki. Mtu akianguka njiani saa kumi na moja ya alfajiri, posti inakosa mtu, dispensari inapata mgonjwa, na nyumba inakosa mshahara. Hasara ni ya wote. Kwa nini basi kila karakana isiwe na ufunguo mmoja wa dinamometri uliopimwa, unaokaa kwa mjumbe wa usalama, na kuazimwa Jumamosi kwa mtumikaji anayeandika jina lake katika daftari? Kwa nini fundi mmoja wa karakana asipewe saa mbili, mara moja kwa mwezi, kuwa jicho la pili kwa wenzake? Haiombi kampani kujenga kitu. Inaomba ufunguo, daftari na mtu mwenye moyo.

Tukifanya hivyo, lile swali la mlangoni litapoteza ukali wake. Maskini hatalazimika kuchagua kati ya pesa ya garaji na kufunga kwa koleo. Atakuwa na njia ya tatu: mikono yake mwenyewe, chombo kizuri, na mwenzake anayemwangalia.

Kwa hiyo, ndugu, usiulize tena tu "Nilipe ao nisilipe?" Uliza kwanza: "Nani atakagua?" Kama una jibu la hakika, funga mwenyewe na uweke franga zako kwa minervali ya watoto. Kama huna jibu, lipa, chukua karatasi, na bado ufanye jaribio la dakika kumi. Haraka haraka haina baraka, na buloni iliyokazwa kwa haraka haingoji siku nyingi kulipiza.

Leo jioni, kabla jua halijazama, toka nje na ushike gidoni yako. Itikise. Igeuze kushoto, igeuze kuume. Vuta gazi, iache. Kama yote ni sawa, lala vizuri. Kama kitu kinacheza, kesho enda kazini kwa basi.

Fika kazini mzima, rudi nyumbani mzima.